Uchungu wa Kabichi

Mimi ndiye nioshaye vyombo vyake
katika maabara ya ghorofa ya tatu, Lublin,
ambako Februari huuma masikio
na madirisha hutoka jasho kwa ndani.
Miaka kumi na mmoja nimesugua mirija yake.
Utafiti naujua kwa pua:
mwaka wa vitunguu, mwaka wa haradali,
na sasa, tangu Oktoba, kabichi.

Siku moja Dobrochna alinipa jani.
Nikalinusa. Halikunuka kitu.
Akalifinya kwa ukucha, akanirudishia,
na moto mdogo ukanipanda puani.
"Hicho unachonusa, Bi Leokadia,
sekunde iliyopita hakikuwapo duniani."

Jani, kumbe, ni nyumba ya majirani wasiosalimiana.
Chumba hiki kimeficha sukari yenye salfa,
chumba kile kimeng'enya chenye makali,
na katikati ukuta, mwembamba kuliko pumzi.
Kiwavi akiuma, ukuta huanguka,
wawili hao hukutana,
na uchungu huzaliwa hapo hapo, bila mkunga.
Jani zima halina dawa.
Jeraha ndilo linalopika.

Hayo niliyaelewa.
Ya ndani ya seli yalinichukua muda,
hadi aliponikumbusha kazi yangu ya zamani,
kabla kiwanda cha makoti hakijafungwa:
"Uzi wako ulikaa wapi?"
Kwenye vibiringo.
"Basi na jeni ni uzi kwenye vibiringo.
Ukikazwa, hausomeki. Ukilegezwa, unasomeka.
Kabichi haiandiki herufi hata moja.
Inalegeza tu."

Januari ukalegea.
Jeni moja, bubu kwa muda wote tuliozifuga seli zile,
ikaanza kusema.
Wanafunzi walipiga meza. Mtu alileta keki.
Yeye peke yake hakuketi;
alikuwa anatazama sahani za ulinganisho,
zile ambazo hazikulishwa chochote,
nazo pia zilikuwa zinasema.

Usiku ule sikulala.
Nilizikumbuka chupa za Alhamisi,
basi la saa kumi na mbili lilivyoniharakisha,
nami nikasuuza mara mbili badala ya tano.
Asubuhi nilisimama mlangoni kwake na koti langu mwilini,
nikamwambia.
Alivua miwani. Akaifuta. Akaifuta tena.
Nje mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari,
na sauti ile ilichukua muda mrefu kuisha.

"Miezi mitatu," alisema hatimaye.
Halafu, kwa sauti ya chini, si kwangu:
"Masalio ya chupa iliyooshwa. Na bado zilisikia."
Nikathubutu kuuliza kama huo si ugunduzi.
"Hapana. Hiyo ni sababu ya kuanza upya.
Suuza mara saba. Na vua hilo koti."

Sokoni, Bi Zdzisława muuza mboga
humuuliza kila Jumamosi, mbele ya foleni:
"Daktari, nibandike kwamba inatibu saratani?"
Mumewe analala hospitali tangu Krismasi,
hilo foleni nzima inalijua.
Dobrochna hushika kichwa cha kabichi, hukipima mkononi.
Kusema ndiyo kungekuwa rahisi kuliko kulipa.
"Sijui, Zdzisława," husema.
"Kwenye sahani, labda. Ndani ya mtu, sijui."
Kisha hununua vichwa viwili zaidi ya anavyohitaji,
na kimoja hukiacha kwangu, juu ya beseni.

Leo nimerudi navyo vidole vinanuka salfa.
Maji yanachemka, viazi viko tayari.
Nimeikata kabichi nyembamba, nyembamba,
nami siiweki bado sufuriani.
Naketi kando ya ubao, mikono mapajani,
naipa dakika zake:
kuta zianguke,
majirani wakutane.