Kukaba kwa Macho

Nandonde, namba mbili wa chuo chetu,
daluga zako nilizishona mimi, Alhamisi,
uzi wa nailoni, mara mbili, kisha nta,
wala sikukudai hata mia.
Sikuzishona ili utembee kinyumenyume.

Jumamosi ukungu uliikalia Newala hadi saa nne,
halafu jua likatoka na vumbi lake jekundu,
tukajipanga kwenye kamba
na ming'oko yetu ndani ya gazeti.
Kipindi cha kwanza mlikaba kama kupe.
Winga wa Nachingwea akipumua, unapumua naye,
akiinama kufunga kamba za kiatu, umemsimamia kichwani.
Mbili bila.
Bi Somoe aliruka hadi uji wake ukafurika jikoni
na hakuna aliyemwambia.

Kisha mapumziko. Nilikuwa karibu, nilisikia.
Mwalimu Lilai na kipande chake cha chaki:
"Sasa rudini. Waacheni wacheze mbele yenu.
Msiwasogelee, msije mkavunjwa nyuma."
Mkavunjwa nyuma!
Kama mtu anayeacha mlango wazi usiku
ili mwizi asiharibu kitasa.

Hatua kumi, Nandonde. Nilizihesabu.
Kati yako na yule mtoto mwenye soksi zilizoshuka
lilitosha Shimo la Mungu zima, na mawingu yake.
Ungeweza kupanda mkorosho pale,
ukaupulizia salfa, ukaokota,
ukapeleka ghalani, ukasubiri malipo ya pili,
na yeye bado ana mpira,
bado hajaguswa.

Anapokea. Hakuna mtu.
Anatuliza, anamtafuta dada yake kwenye umati, anampungia.
Hakuna mtu.
Pasi fupi. Pasi fupi. Pasi fupi.
Walitula kama kangomba inavyomla mkulima,
kibaba hiki, kibaba kile,
hakuna kikubwa cha kupigia yowe
mpaka gunia limelala.
Yowe tulipiga hata hivyo.
"Msogelee! Mguse! Muulize hata jina!"
Wewe ukanyoosha kidole, ukamwonyesha mwenzako.
Kidole, Nandonde, hakijawahi kuzuia krosi.

Dakika ya sitini na nane, moja.
Ya themanini, mbili.
Ya tisini na mbili sikuiona,
nilikuwa nimeinama naitafuta kandambili
niliyokuwa nimekurushia.
Nilisikia tu upande wetu ulivyonyamaza.

Nikarudi na mguu mmoja peku, njia ya Mkunya,
nakutukana wewe, namtukana Lilai,
naitukana chaki.
Shambani nikamkuta Chilumba, jirani yangu,
anaokota chini ya mkorosho alioupanda marehemu mama.
Mwaka juzi ulikuwa mti mmoja, ule wa pembeni.
Mwaka jana wa pili, nikasema tusubiri,
baraza la kata litakaa.
Huu ni wa tatu.
Nikasimama. Akanisalimia vizuri, nikaitikia vizuri.
Nikamnyooshea kidole, nikamgeukia mke wangu:
"Unaona?"
"Naona," akasema, ndoo kichwani.
"Na yeye anaona kwamba tunaona."

Jumatatu ukaja kibandani, macho chini,
ukaziweka daluga juu ya benchi.
Nikazigeuza. Soli haijalika hata kidogo.
"Ni kocha, mzee," ukasema.
Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga tangu Jumamosi usiku,
mengine makali, mengine yana mama yako ndani.
Yakanikauka mdomoni.
Nikakuambia, "Elfu moja, safari hii."
Ukalipa bila kubisha.
Hata hapo hukubisha, Nandonde!

Saa nane nikafunga kibanda.
Nikachukua nyundo ya kazi na vigingi vinne,
na kandambili nimeazima, hazilingani.
Chilumba alikuwa palepale, ameinama,
ndoo yake imefika nusu.
Akainuka, akajifuta mikono, akanisalimia vizuri.
Sikuitikia.

Hatua kumi.
Tisa.
Magoti yananitetemeka, sikufichi.
Nane.