Dakika ya Ishirini na Sita

Nyuzi hamsini na sita, ndani kabisa,
si kwenye ngozi ya ubao, kwenye moyo wake,
nusu saa bila kushuka hata kidogo:
ndilo sharti la wanaonunua shaba yetu.
Shaba yenyewe haiwatii hofu, imeshapita motoni.
Wanachokiogopa ni paleti inayoibeba,
mkalitusi wa kawaida, na mdudu aliyelala humo
asiyejua kwamba anasafiri.

Mimi ndiye mshika daftari wa tanuri,
barabara ya Kipushi, nyuma ya ukuta wenye vigae vya chupa.
Natafuta ubao mnene kuliko wenzake, nautoboa,
naingiza sindano ya kipimajoto, naziba tundu,
kisha nakaa kama anayesikiliza chungu cha maharage.
Arobaini na moja.
Arobaini na tisa.
Hamsini na sita: naandika saa.

Zikitoka, Chansa anazipiga chapa ya moto,
suke la ngano ndani ya kisanduku.
Ngano! Sisi watu wa bukari.
Chansa hucheka kila siku mcheko uleule:
"Hata paleti ina paspoti. Mimi yangu nimeomba mara ngapi?"

Alhamisi ile ya mvua umeme ulikatika
dakika ya ishirini na sita.
Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Namba zikaanza kuteremka pasipo haraka,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Sheria ni moja: anza upya, toka sifuri.
Shefu Kaumba akasimama mlangoni, tochi ya simu kidevuni:
"Ngosa, lori nne zinangoja.
Zimebaki dakika nne tu. Zimalizie kwa kalamu."

Na kalamu, jamani, haihitaji umeme.

Wiki tatu zikapita, lori moja likarudi.
Wapi walilikamata, sikuambiwa. Wengine walisema Kasumbalesa,
wengine mbali zaidi, bandari ambayo sitaiona.
Dereva alikuwa na ndevu za siku tisa, hakutusalimia.
Tukashusha shaba, bamba juu ya bamba,
na kwenye paleti ya saba, upande wa chini,
palikuwa na utepe wa gome, upana wa vidole vitatu,
ambao randa iliuruka na macho yetu yakauruka.
Nikaubandua kwa ukucha.

Alikuwemo.
Mweupe, pete juu ya pete,
kichwa cha kahawia kama punje ya mtama.
Jua lilipomgusa akajikunja.

Sikumchukia. Ni mzaliwa wa hapa kama mimi.
Hapa kuna ndege anayejua kumdonoa, kuna siafu.
Huko angefika bila adui hata mmoja,
na asiye na adui humaliza msitu.
Nikautazama kwa mbali ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba,
bomba refu la moshi pembeni yake,
nikawaza wageni waliotujia sisi
ambao hakuna aliyewapima joto la moyo,
hakuna aliyewachungulia chini ya gome.

Wazo tamu. Lakini lilikuwa la kukwepa.
Kalamu ilikuwa yangu, na wino ulikuwa wa buluu,
na tarakimu tatu nilizoziandika kwa mkono mzuri
hazikupanda hata nyuzi moja ndani ya mti wowote.

Nikamtia kwenye kopo la nyanya,
nikamweka tanurini pamoja na paleti zilizorudi.
Nusu saa nzima, umeme haukuchezacheza.
Baadaye Chansa akaliinua kopo, akalitikisa.
Lililia kama kopo lenye kitu kikavu.

Dereva alilala siku mbili chini ya lori lake.
Nilimpelekea bukari na samaki, akala, akasema, "Asante,"
akasema tena, "Watoto wangu wako Ndola."
Sikumjibu.

Jana umeme ulikatika, dakika ya kumi na nane.
Shefu hakuja mlangoni.
Niliandika kumi na nane,
nikapiga mstari,
chini yake nikaandika sifuri,
nikavuta kiti, nikangoja.