Mtu Asiyesomeka

Mbele ya biro ya komini, hapa Katuba,
nina meza, mwavuli wa kampuni ya bia,
na mashine ya kutia karatasi ndani ya plastiki.
Inataka umeme. Umeme una siku zake.
Ukifika nafanya kazi mbio mbio kama mwizi,
na kadi za kura zinaletwa kwangu
kama watoto wenye homa.

"Mama Kapya, tazama, pua bado inaonekana."
Natazama. Pua inaonekana.
Macho yamekwenda.

Hatuna hati nyingine.
Kwa kadi hii unapokea pesa ya simu,
unapita kizuizi cha njia ya Kasumbalesa,
unamtoa maiti wako kwenye chumba cha baridi.
Lakini wino wake unaogopa jua, unaogopa jasho,
unaogopa mfuko wa suruali ya mtu mwenye kazi.
Kaa bure nyumbani, labda utadumu.

Jumatatu alikuja Chisenga, mchomeleaji vyuma,
akaweka mezani mstatili mweupe,
mweupe pe, kama sahani iliyooshwa.
"Huyu ni mimi," akasema.
Nilicheka. Yeye hakucheka.
Nikaanza kupanguza mashine iliyokuwa safi.

Dirisha la pili, kwa karani Nawej,
kanuni mpya imebandikwa kwa gundi ya uji:
asiyesomeka alete mashahidi watatu
wenye kadi zinazosomeka.
Chisenga akaenda kwa jirani. Jirani hasomeki.
Jirani wa jirani: jina lipo, mwaka umekimbia.
Wakafuatana mlango kwa mlango,
mtaa unatafuta watu watatu wanaoonekana,
mpaka kwa mwalimu mstaafu, anayeilaza yake
ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Hesabu.
Huyo akawa mmoja.

"Si mimi niliyeandika," anasema Nawej.
Ni kweli. Hata kalamu ananunua mwenyewe.
Kadi yake nimeitia plastiki mara mbili.

Kwenye foleni mama mmoja, mtoto mgongoni,
alisema bila kupaza sauti:
"Kura walituomba kwa mikono miwili.
Leo wanatuomba ushahidi kwamba tulizaliwa."
Watu wakaangalia viatu vyao.
Halafu mtu akasema, "Na bomba la maji?"
na wote wakaanza kusema pamoja.

Ng'ambo ya barabara kuna kamba ya nguo ya Feza.
Juu yake, fulana ya chama, ya kampeni iliyopita.
Miaka mitano ya sabuni ya kipande.
Imelaliwa, imetapikiwa, imepigia deki,
na uso wa mheshimiwa bado umenona:
meno yote, mwanya, hata kile kipele cha shavuni.
Chisenga alivuka, akashika pindo,
akalisugua kwa kidole gumba
kama fundi anayepima kazi ya fundi mwenzake.
"Kumbe," akasema,
"wino upo."

Hakurudi Jumanne. Jumatano alirudi
na kibamba cha shaba, ukubwa wa kadi,
amegonga jina kwa patasi, herufi kwa herufi,
mahali pa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama.
Picha hakuweza. Alitoboa tundu mbili za macho.
Akataka nimtilie plastiki.
"Ya nini? Shaba haifutiki."
"Ndiyo sheria yao, ama?"
Nikamwambia itavunja mashine yangu.

Basi akaenda nayo hivyo hivyo.
Nawej aliipokea, akashtuka kwa uzito,
akasoma kwa sauti, polepole, kila jina,
na foleni ikanyamaza, maana tangu asubuhi
hapakuwa na mtu aliyeitwa pale dirishani.

Kisha akageuza fomu, mbele na nyuma,
akitafuta mahali pa kuandika.

Umeme ulikatika saa hiyo.
Sijui kama alipaona.