Pambizo

Karakana yangu iko Colmar, nyuma ya duka la jibini.
Vitabu huletwa hapa kama wagonjwa:
huyu mgongo, yule kaliwa na nondo.
Hiki kilifika kimeviringishwa katika shuka la mtoto.
Ngozi ya ndama, ya miaka mia nane.
Katikati, maneno ya nabii kwa Kilatini.
Pembeni, watu.

Nimekaa nao kipupwe kizima.

Wa kwanza ni Gerwig, mtawa.
Herufi zake ndogo, kama sisimizi waliosikia sukari.
Penye habari ya mimba ametia msalaba,
kisha amesita, wino umedondoka.
*Nimemwuliza Yekutieli mwuza ngozi, pale darajani,
neno lenyewe kwao ni lipi.
Anasema ni mwanamwali tu, msichana aliyekwiva,
na kwamba mfalme aliyepewa ishara
alitetemeka kwa adui wa mwaka uleule,
mwenye farasi, anayeonekana ukutani.
Ishara ya baada ya karne saba
ingemfaa nini mtu wa kesho asubuhi?
Sikuwa na jibu. Kanipa kitunguu.*

Chini yake, mkono mwingine, wino mkali:
*Usiwaulize wauza ngozi.*

Ukurasa unaofuata kuna mwanamke amechorwa,
kafungwa kitambaa machoni, mkuki wake umevunjika.
Ndiye Sinagogi, asiyeona alichobeba mwenyewe.
Kitambaa kimepakwa buluu ya ghali,
ya mawe yaliyovuka nchi ngapi sijui.
Mtu aliinama hapa siku nzima
akirembesha upofu wa jirani yake.

Halafu tauni. Pambizo tupu.
Mtaa wa kina Yekutieli ulichomwa moto,
watu wakiwamo.
Hakuna aliyeandika lolote, hata tarehe.

Miaka mia tatu baadaye anaingia Balthasar Zwick,
mchungaji, na hesabu zake.
Siku ni mwaka. Pembe ni Mturuki. Mnyama ni Papa.
Elfu moja mia mbili sitini, jumlisha mia nne na sita:
mwisho wa dunia ni 1666.
Kakata.
Kajumlisha upya: 1671.
Kakata.
Mwaka 1673 waliingia askari wa Ufaransa,
ambao hawakuwamo kwenye hesabu,
wakala kuku wake wote. Hilo kaliandika vizuri,
idadi ya kuku na rangi.

Na yupo mmoja ambaye hakuandika.
Alikwangua.
Kwa wembe, miaka ya babu yangu,
kila palipotajwa Israeli.
Alitaka nabii asiye na kwao.
Ngozi imebaki utando; ukiinua kwenye taa
nuru inapita kama kwenye sikio la mtoto.

Kuziba hapo ndiko nilikolipwa.

Jumanne alikuja Perla Wormser, karatasi za urithi mkononi,
akasoma ukurasa ule bila kuutazama,
kwa lugha yake, harakaharaka,
kama mtu anayetaja majina ya shangazi zake.
Nikamwuliza: bikira, au mwanamwali?
Akacheka. Ninyi mmeganda kwa mama, alisema.
Sisi tunabishania mtoto:
alikula nini, na alipojifunza kukataa baya
vita vilikuwa vimekwisha?

Mimi ni Mkristo. Kila Desemba nawasha mshumaa,
nikiisikia aya ile namwona Mariamu, sina namna,
nimelelewa naye.
Lakini siku hizi nyuma yake kuna mfalme ukutani,
miguu inamtetemeka,
na anangoja kesho, si Krismasi.

Matobo sikuyaziba. Nimeyashona kingo tu, yasizidi.
Watanidai fedha yao, wana haki.

Ninachotaka kujua hakimo kitabuni:
Gerwig alipokatazwa,
alirudi tena darajani?
Na kile kitunguu, alikila mbichi,
akitembea, au alikificha mfukoni
mpaka kikachipua?