Ukucha wa Rangi Nyeupe

Mtaa unaitwa Rangi Tatu. Mimi ninazo nne,
ya nne ni nyeupe, ya kumalizia.
Nimeandika vibao Mbagala tangu Barabara ya Kilwa haijapanuliwa:
vipuri, mashine ya kusaga, zahanati,
CHIP'S KUKU kwa Mzee Limbanga,
na kila nilipoiona S ya mwisho niliitia ukucha juu,
maana S peke yake niliiona iko uchi.

Kiingereza sikukisoma. Nilikichora.

Wakaja Siwema na mdogo wake Hadiya,
ndugu wa toka nitoke,
wamechangia kodi ya miezi sita, kioo, draya mbili.
Hadiya, aliyefika kidato cha nne,
akaniandikia nyuma ya risiti ya luku:
SISTERS' SALOON.
"Fundi, alama ikae baada ya S. Tuko wawili.
Ikitangulia S, ni mmoja."
Nikacheka. Tone la rangi lihesabu watu?
"Linahesabu," akasema. "Na mali linagawa."

Nikaandika. Tone likakaa nje ya neno,
kama kandambili zilizovuliwa mlangoni.

Masika, maji yamefika kwenye kizingiti,
Siwema akanijia saa mbili usiku
na mwavuli uliovunjika ubavu.
"Kile kidoti kisogeze ndani. Kitangulie S."
Elfu tano, noti imelowa.
Nami nilikuwa nadaiwa ada ya mtoto.
Nikapanda ngazi. Tambara, mafuta ya taa, nikafuta;
brashi namba mbili, nikadondosha.
Upana wa dole gumba. Ndio umbali wote.

Asubuhi Hadiya alisimama kando ya mtaro, pochi begani,
akasoma.
Akasoma tena, midomo ikitembea.
Hakupiga kelele. Aliingia, akachomoa draya moja,
akauzungusha waya wake taratibu,
akatoka ameikumbatia kama mtoto mwenye homa.
Aliponipita alisema tu:
"Kumbe fundi umejua kusoma."

Tangu hapo nalala nusu.
Lugha yangu inasema saluni ya dada, saluni ya akina dada,
maneno mazima, yana miguu yao,
huwezi kuyahamisha usiku kwa tambara.
Na ukucha huu tunao, mwalimu alituambia unaitwa ritifaa:
ng'ombe, ng'ambo, kung'ang'ania.
Kwetu haumiliki kitu. Unapitisha sauti puani, basi.
Ila nao si wa kuchezea:
uondoe kwenye ng'oa, inabaki ngoa,
na ngoa ni wivu,
na wivu nimeuona ukipanda ngazi yangu.

Hadiya sasa yuko Charambe, chini ya turubai la bluu.
Alinituma mtu nikaandike. Nilidhani kakosea namba.
"NG'ARA," akasema. "Hiyo tu. Na alama usiisahau."
Niliichora kwanza, kabla ya herufi yoyote,
halafu nikaijengea neno kuizunguka.
Nikakataa hela. Akanitilia mfukoni kwa nguvu,
elfu tano, kavu.

Kile kibao cha zamani bado kipo.
Jua la saa kumi likikipiga ubavuni
doa hafifu linajitokeza nje ya S, palepale nilipofuta.
Siwema ameniita mara mbili nilipake tena.
Nimempaka. Linarudi.