Vidole Viwili

Wakili alinionya: usilie, pima.
Basi nikapima, hakimu aone:
sindano ilipanda juu vidole viwili,
pale nyama inapokwisha, mfupa unaanza.

Mahakama ya Malindi, feni mbovu.
"Kazi yako?"
Msusi.
"Vichwa vingapi kwa siku?"
Vinne. Sikukuu, saba.
Sasa nasuka watoto tu, wakae sakafuni;
mkono huu haupiti sikio.

Kwenye fomu kuna kisanduku: fidia, kwa shilingi.
Sidiria kufungiwa na binti yako
ni shilingi ngapi?

Ng'ambo ya meza, Kadzo muuguzi,
sare imenyooka, macho yako kwenye viatu.
Siku ile foleni ilifika getini;
yeye wima tangu alfajiri, mimi nimeketi.
Chanjo siishtaki. Mwanangu nilimpeleka mwenyewe,
nikamwomba daktari: vuta kiti, baba,
mkae sawa.

Kesi imesogezwa mwezi wa tisa.
Mlangoni tukabanana, Kadzo mbele yangu.
Mistari ya nywele zake imepinda.
Nani huyu kamsuka hivi?
Mkono ukainuka wenyewe,
ukafika usawa wa bega lake,
ukagota.