Friji la Godelieve

Mazoezi ya asubuhi yakiisha, saa sita na robo,
kila mtu hukimbilia kile ambacho kazi imemnyima.
Joost, ambaye mkate wake ni kupuliza zumari,
hulala chali kwenye nyasi za iliyokuwa nyumba ya watawa,
kinywa wazi. Hapulizi hata kipenga.
Pumzi inaingia, inatoka, haimdai mtu.

Mimi nabaki ukumbini. Mimi ni mkaza nyuzi.
Wao wakipumzika, mimi niko kwenye kinanda na ufunguo wangu;
wao wakipiga, nimeketi viti vya nyuma, tumbo joto,
nangoja kusikia ni uzi gani utakaoniumbua.
Kwa hiyo mapumziko yao nayajua kwa dirisha,
kama mgonjwa ajuavyo mtaa.

Lieselot ameanika soksi
kwenye uzi wa besi uliokatika juzi katikati ya dansi ya Kifaransa.
Utumbo wa kondoo, dirisha hadi mti wa peasi.
"Sasa ndiyo ametulia," asema, akimpapasa kondoo.

Aurelie na Wannes wanacheza karata.
Hawawekeani fedha (fedha ya nani?),
wanawekeana matete ya kupulizia, yaliyochongwa tayari.
Wannes ameliwa matano tangu Jumatatu.
Kesho atapuliza nini, ajuaye ni Mungu
na Aurelie.

Ewoud wa udi haoshi vyombo: kucha zake ndizo riziki.
Godelieve mpishi akamtazama vile vidole,
akamtazama na uso,
akampa ndoo. "Viazi havina nyuzi. Menya."

Na Pieternel, mwenye sauti ya juu kuliko wote,
siku zisizo na tamasha hasemi neno.
Anaandika kiganjani kwa kalamu ya buluu:
*chumvi. asante. nani kaiba mwavuli wangu.*
Jioni mkono wake umejaa kama daftari la duka.

Alhamisi ikanyesha, mvua ile ya Flandria ya Agosti,
haipigi kelele, haiondoki.
Nyuzi zikalegea kama biskuti kwenye chai.
Nikaweka ufunguo mfukoni, nikasema potelea mbali,
nikashuka jikoni walikokimbilia wote,
fidla zao zimefungwa mataulo kama watoto waliotoka kuoga.

Pale kulikuwa na harufu ya vitunguu na sufi mbichi,
na friji la Godelieve, refu, kuukuu, linavuma.
Sikio langu halina likizo. Nilijua tangu siku ya kwanza
kwamba linavuma chini kidogo ya piano za shule,
nusu hatua, palepale tunapokaza sisi.
Sikumwambia mtu. Ningeambiwa nini?

Ni Pieternel aliyeanza.
Aliweka kikombe, akafungua kinywa cha siku tatu,
akaketisha sauti moja juu ya lile vumo,
safi, hata vijiko kwenye sufuria vikatetema.
Joost akaingia chini yake bila zumari, kwa koo tu, koo baya.
Lieselot akaziba katikati. Wannes akaacha karata zikiwa wazi
na Aurelie hakuzichungulia.
Hapakuwa na wimbo. Palikuwa na sauti nne na mashine ya siagi,
na mimi mlangoni, kwa mara ya kwanza wiki nzima
sina cha kurekebisha.

Kisha friji likafanya *trrk*, likanyamaza.

Wakabaki hewani, sakafu imeondolewa.
Pieternel alishika pumzi mbili zaidi, labda tatu,
kisha naye akaiachia.
Mvua. Ewoud na kiazi chake nusu uchi.

"Limefika baridi yake," akasema Godelieve bila kugeuka.
"Na lenyewe linapumzika. Dakika kumi na moja.
Anayetaka kungoja, angoje akikata karoti."

Tukakata karoti.